Jiwe la Mama Limebaki Uani

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Rachidi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Mélissa na watoto, na kwamba baridi ya huko Amerika haijakurudishia kile kifua chako cha utotoni. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua ni nyingi, mafuta ya gari hakuna, mukeke umekuwa samaki wa wakubwa wa Kiriri, lakini cherehani yangu bado inakwenda na macho yangu bado yanaona tundu la sindano. Jirani yetu Khadidja anakusalimu sana. Anasema hajasahau siku ulipomvunjia mtungi ukakimbilia kwetu kujificha chini ya kitanda cha Mama.

Salamu zimekwisha. Sasa niache nikasirike.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, unaniambia yaya, dada yangu, ngoja, halafu unasema wewe peke yako mpaka chaji inakwisha. Karatasi haina ngoja. Anouar anasafiri Alhamisi kuja huko kutafuta vipuri vyake, na nimemwambia barua hii akupe mkononi, si kumwachia mtu. Kaa chini uisome yote. Usiruke.

Jiwe lako limefika. Lilifika mwezi wa kumi na moja ndani ya kontena la Anouar, limelazwa kati ya milango ya Toyota na mainjini, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Wanaume wanne walilishusha mbele ya mlango wetu na mtaa mzima ukatoka kutazama. Jiwe jeusi, linang'aa mpaka unajiona uso, pembeni lina ua la waridi la kuchongwa, na katikati jina la Mama: Zaituni binti Kasongo. Nililia, sikufichi. Halafu nikasoma karatasi uliyoigandisha nyuma yake. Liwe limesimama juu ya kaburi kabla ya Ramadhani. Upande wenye jina utazame njia. Nikupigie picha siku hiyohiyo. Na wewe tiketi umeshakata, siku ya pili ya Idi utakuwa umepiga magoti mbele yake.

Basi nakuambia mapema, usije ukasema nilikuzungusha. Jiwe halijasimamishwa. Liko uani, limeegemea ukuta karibu na bomba, na pale ulipoagiza liende haliendi. Sababu utaipata humu humu. Lakini kwanza utanisikiliza, maana mimi nimekusikiliza miaka mitatu.

Pamoja na jiwe ulituma barua ya kurasa kumi na mbili. Nilipoishika ikiwa nzito vile nilifurahi. Nilisema leo mdogo wangu ameniuliza habari za Mama, alikufa akisema nini, alikula nini mara ya mwisho. Kumbe kurasa kumi na mbili ni historia ya makaburi unayofanyia kazi!

Umenieleza kwamba zamani wafu wa mji wenu walizikwa nyuma ya makanisa, wakarundikana hivyo mpaka kipindupindu kilipoingia na watu wakaanza kuyaogopa maji ya visima. Kwamba mwaka 1848 matajiri kadhaa walinunua shamba lenye vilima nje ya mji, wakamwita bwana mmoja fundi wa bustani, naye akasema hataki kuona makaburi yamepangwa kama madawati ya shule. Akazikunja njia zizunguke vilima, akachimba mabwawa matatu, akapanda miti kutoka nchi ambazo hata hakuwahi kufika, akaweka na mabata. Wafu wa makanisani wakafukuliwa wakapandishwa huko kwa mikokoteni. Na kwa kuwa mji ule haukuwa na bustani nyingine, watu wakawa wanakwenda kila Jumapili na vikapu vyao, wanatandika shuka kati ya makaburi, wanakula kuku, wachumba wanatembea wameshikana mikono, mpaka wasimamizi wakaona bora watoe tiketi getini. Nilimsomea Khadidja hapo kwenye kuku. Aliomba nirudie, akidhani nimekosea kusoma.

Sikatai, ni habari nzuri. Umeandika vizuri kuliko ulivyowahi kuandika ukiwa shule. Kilichonipandisha presha ni ukurasa wa saba. Hapo umeeleza unavyoiosha sanamu ya mke wa mwenye kiwanda cha bia, aliyekufa mwaka 1871. Unamwosha kwa brashi laini na maji tu, huweki sabuni, unaanzia miguuni kwenda juu ili uchafu usiache michirizi. Na ukifika usoni, umeandika, unaona kama unamwosha Mama.

Rachidi! Mke wa mwenye pombe!

Mama nilimwosha mimi. Miaka minne nilimgeuza kitandani, asubuhi na jioni, nikimpangusa mgongo kwa kitambaa cha shuka za zamani kwa sababu kitambaa kipya kilimkwaruza. Vidonda vyake navijua kimoja kimoja, nilijua kipi kinafunga na kipi kinafunguka. Wewe ulikuwa unampigia Jumapili, dakika kumi, na dakika nne kati ya hizo ulikuwa unatuonyesha theluji. Najua papiye zako za kuishi huko zilikuwa hazijatoka. Najua kwamba ungetoka usingeweza kurudi. Umeniambia mara mia na mara zote mia nimekubali. Lakini usiniletee mwanamke wa jiwe ukaniambia ni Mama.

Ukurasa wa tisa ulinituliza kidogo. Ni pale ulipoandika habari za bondeni, karibu na reli, mahali walipozikwa watu weusi wa mji huo, watumishi na waliochimba yale mabwawa. Kwamba huko fundi wa bustani hakupinda njia wala hakupanda mti. Hawakupewa mawe, walipewa vigae vya udongo wa kuchoma vyenye namba, na vigae vyenyewe vikazama ardhini mpaka watu wakasema pale hapana kitu, ni uwanja tu. Halafu mzee mmoja akalikuta daftari la karani wa zamani, jina, safu na namba. Na sasa wewe na wenzako mnapita na ufito wa chuma, mnauchoma taratibu kwenye majani, mnasikiliza mkononi. Udongo mtupu unaumeza ufito. Kigae kinaurudisha. Umeandika kwamba wewe ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote, kwamba umevipata vigae mia moja na sitini na mmoja, na kila ukipata kimoja mnalisoma lile jina kwa sauti. Hapo nilijivuna. Nilimwambia Khadidja, huyo ndiye kijana niliyembeba mgongoni.

Ungekomea hapo tungekuwa salama. Lakini hukukomea. Ukurasa wa kumi na mbili umeandika, na ninanakili maneno yako, kwamba sisi Waswahili wa Buyenzi tunawatupa wafu wetu kama takataka, rundo la udongo na mawe mawili, mwaka ukipita hakuna anayejua nani ni nani. Ukasema unaona haya kumwonyesha msimamizi wako kaburi la Mama kwenye simu. Ukasema maua yananishinda hata kumwagilia.

Maua. Haya, tuzungumze maua.

Siku ya arobaini nilikupigia kwa video, ukaliona lile kaburi, ukasema liko wazi mno, nipande maua. Nilikuambia kwetu si desturi. Ukasema desturi gani, ni majani tu. Nikapanda Kiriri kwa miguu, mimi mwenye goti hili, kwa Zénon yule mtunza bustani wa lile jumba la ukuta mweupe, akanipa miche ya waridi na yale maua madogo meupe yanayotambaa. Nikabadilisha bajaji mbili mpaka kule makaburini juu ya Carama, miche imo ndani ya beseni mapajani. Nikapanda. Wiki tatu baadaye nimekwenda, hakuna hata jani. Yameng'olewa na mizizi. Ukasema mbuzi. Nikapanda tena, nikazungushia miiba. Yakang'olewa, na miiba ikarundikwa pembeni vizuri, mbuzi gani huyo? Ukasema watoto. Nikapanda mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano ukasema ni mimi, kwamba sikupanda kitu, kwamba nakudanganya.

Kumbuka uliyasema hayo mbele ya mkeo. Nilimsikia Mélissa akikwambia nyamaza.

Sasa ya mwezi uliopita. Nilikwenda na Adrien, fundi mwashi wa pale Carama, mtu mpole, apime mahali pa kulisimika jiwe. Nilikuwa nimemwuliza imamu kwanza. Alisema alama ya kumjulisha maiti haina ubaya, majivuno ndiyo mabaya, na akalitazama lile waridi lako la kuchongwa akaguna. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Adrien ameshatoa futi yake, ameinama anapima, ndipo akatokea mwanamke mfupi mnene na jembe begani, anakuja moja kwa moja kwetu kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupiga.

Alisimama mbele yangu akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Halafu akasema: «Njo wewe basi. Njo wewe bibi yake mwengine!»

Sikuelewa mimi ni mke wa nani. Nikamwambia hapa kuna mama yangu. Akacheka kicheko kibaya. Akasema pale kalala bwana yake, Shabani, fundi wa radiata za magari wa avenyu ya ishirini, aliyezikwa siku moja baada ya siku aliyozikwa Mama. «Miaka tatu niko nang'oa maua yako, mwanamuke we! Mi nalia bwana, kumbe bwana ananicheka!» Nikamjibu kwa ukali, maana na mimi si wa kunyamaza, nikamwambia amechanganyikiwa. Alipiga magoti upande wa miguu, akachimba kwa vidole kiasi cha kiganja, akatoa spana. Spana namba kumi, imeshika kutu. Akasema mtoto wao wa kwanza ndiye aliyeifukia siku ya maziko, kwa siri, ili mama yake aje apajue.

Adrien alikunja futi yake, akasema atatungoja barabarani.

Huyo mwanamke anaitwa Fadhila. Nimekaa naye chini pale pale kwenye tope na amenieleza, na alivyokuwa akieleza nilitamani ardhi inimeze. Siku chache baada ya arobaini ya mumewe alikuta waridi. Nani anampandia waridi fundi wa radiata? Si dada zake, aliwauliza. Si wanawe. Basi amekuwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo anampenda kiasi cha kuhangaika kutafuta miche. Aling'oa. Yakarudi. Aling'oa tena. Kila yaliporudi aliona mwenzake ni jasiri. Alianza kuyapekua maisha ya marehemu, siku alizochelewa, kitenge alichosema amepewa na mteja. Alikosana na shoga yake wa miaka ishirini, mjane mmoja wa Kibenga, akimshuku yeye. Miaka mitatu hakumsomea mumewe hata khitma moja. Alikuwa anakwenda kila Alhamisi na jembe, kumgombeza.

Kwa ajili ya maua yako, Rachidi. Na kwa ajili ya kidole changu mimi, kilichokuonyesha kaburi hilo.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napaogopa tangu ukurasa wa kwanza. Unaweza kudhani nilikosea kaburi, kwamba nilipafahamu halafu mvua ikanichanganya. Fadhila ndivyo alivyodhani, na alikuwa tayari kunisamehe kwa hilo. Nilimwambia kweli, na wewe nakuambia.

Sikuwahi kulijua kaburi la Mama. Hata siku moja.

Desturi yetu unaijua, ingawa huko umeshazoea kuona wanawake na kofia zao makaburini. Mama alifariki alfajiri. Mimi na Khadidja tukamwosha, tukamvisha sanda, tukamtia kafuri. Baada ya adhuhuri wanaume wakabeba jeneza, mjomba Djibril mbele, wakaondoka na tahlili zao, na mimi nikabaki mlangoni mpaka wa mwisho alipokata kona. Hapo ndipo mwisho wangu. Mjomba ndiye aliyeingia kaburini akampokea dada yake. Wewe hukuwepo. Ningekuwa na kaka, ningekuwa na mume hai, ningekuwa na mtoto wa kiume, wangekwenda wakarudi wakaniambia mama yako yuko pale. Nilikuwa na wewe.

Siku ya tatu ulipiga simu ukitaka nikuonyeshe kaburi. Nilimwomba mjomba anipeleke, akakataa, akasema wanawake wakifika makaburini wanapiga mayowe, ningoje arobaini atanipeleka mwenyewe. Nikakuambia. Ukapiga kelele. Ulisema mimi nimepata kumwona, nimemshika, nimemwosha, wewe huna kitu, na kama nakunyima hata kaburi basi nina roho mbaya. Roho mbaya, uliniambia mimi, siku ya tatu, mikono yangu bado inanuka kafuri!

Nilichukua simu nikapanda bajaji nikaenda peke yangu. Palikuwa na makaburi mapya mengi, ule mwezi watu walikufa sana. Udongo mwekundu, mawe mawili mawili, yote sawa. Ningeweza kukuambia sijui. Ingekuwa neno moja. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia nilikuhurumia, kwamba ulikuwa unalia mbali na watu, kwamba mtu anayelia unampa anachoomba. Uongo. Nilikuwa na hasira na wewe, Rachidi, hasira ya miaka minne ya kugeuza mgonjwa. Nilisema moyoni, anataka kaburi? Nitampa kaburi. Nikaelekeza simu kwenye lile lililokuwa karibu na njia, maana viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope na sikutaka kwenda mbele zaidi. Wewe ukalia, ukamsomea Yasini. Na mimi nilikutazama kwenye kioo ukimsomea Yasini mtu nisiyemjua, na nikaona raha. Raha kidogo. Mungu anisamehe, sijui kama wewe utaweza.

Niliposhuka Buyenzi nilishaanza kujuta. Nilijiambia arobaini itafika, mjomba atanipeleka, nitapajua, nitakuambia kwamba siku ile nilichanganyikiwa. Siku ya ishirini na sita mjomba alianguka msikitini, akapooza upande mmoja na ulimi ukafunga. Nilikaa naye kila siku. Nilimwuliza, nikamchorea kwenye karatasi, njia hapa, ukuta hapa, Mama wapi? Alikuwa ananitazama machozi yanamtoka. Akafa hivyo. Niliwatafuta wanaume waliobeba. Mmoja alisema ni karibu na ukuta. Mwingine alisema safu ya tatu. Wa tatu alisema, kwa adabu sana, kwamba mwezi ule alibeba majeneza tisa.

Ndivyo nilivyokwenda kuipanda ile miche juu ya kaburi lile lile la karibu na njia. Kila mwaka nilikuwa nataka kusema, na kila mwaka ulikuwa umelia zaidi juu ya Shabani na uongo umekuwa mzito zaidi. Kisha ukachonga jiwe. Ningenyamaza hata sasa, nakuapia, ningelisimika na ningekupigia picha. Fadhila na jembe lake ndiye aliyenizuia.

Kwa hiyo unikasirikie, ni haki yako. Na mimi nitaendelea kukukasirikia kwa ukurasa wa kumi na mbili, kwa sababu umesema uongo. Hatuwatupi wafu wetu. Nilijifunza hilo kutoka kwa Fadhila, baada ya miaka hamsini na tatu ya kuishi Buyenzi. Alinishika mkono akanitembeza kati ya makaburi, akanionyesha. Watu wa hapa hawaandiki majina, lakini hawaondoki mikono mitupu. Upande wa miguu, chini ya udongo kiasi cha kiganja, wanafukia kitu. Yeye anayajua ya majirani wa mumewe. Huyu kijiko. Huyu ufunguo. Mwanamke mwenye duka alifukiwa jiwe la mizani. Mtoto mmoja, gololi tatu. Hawasemi, maana imamu angegomba, na wanaume ndio wafanyao, wao ndio wako pale. Wanawake wanakuja kuambiwa baadaye, kwa sauti ya chini. Mimi hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Jioni nikaweka maji ya chai kwenye birika la Mama, lile la bati la bluu. Unakumbuka kifuniko chake, chenye kishikio cha shanga nyeupe alichokifunga mwenyewe kwa waya? Kilipotea siku ya msiba. Nilimkosea sana Khadidja kwa kifuniko kile, nilimwambia ndiye aliyekipoteza akiosha vyombo vya watu, na hakunijibu kwa sababu nilikuwa mfiwa. Nikiwa nimelishika birika nikakumbuka. Kabla ya kutoka na jeneza, mjomba Djibril aliingia jikoni. Mwanaume, siku ya msiba, jikoni kwa wanawake. Nilidhani anataka maji ya kunywa. Alitoka ameushika mfuko wa kanzu yake kwa nje, hivi, kama mtu aliyeficha yai.

Tangu siku hiyo nakwenda kila Alhamisi na Fadhila. Anakuja na mimi, ingawa hana sababu ya kunitendea wema. Tunapiga magoti miguuni mwa kila kaburi la mwezi ule, tunachimba kwa vidole, tunatazama, tunarudisha kitu cha wenyewe na kufunika na kuomba radhi. Tumeshapita kumi na tisa. Mvua imehamisha udongo, vingine vimekwenda chini sana, vidole havifiki, na kuchimba kwa jembe siwezi, sitaki kumsumbua mtu. Ungekuwepo ufito mwembamba wa chuma, na mtu mwenye mkono unaojua tofauti ya udongo na bati, ingekuwa kazi ya siku mbili.

Maua ya mwisho Fadhila hakuyang'oa. Ameyapalilia. Ameshakwenda Kibenga kumwomba shoga yake msamaha, na anasema Shabani ameshasomewa Yasini nyingi kutoka Amerika, ukifika atakupikia.

Msalimie Mélissa, mwambie siku ile nilimsikia na namshukuru. Wabusu watoto mashavuni. Waambie wana shangazi mwenye hasira na mkate wa sinia siku ya Idi. Anouar mpe chai kabla hajaondoka, amebeba barua hii kifuani. Usinipigie kwa video, sitakuonyesha kitu tena. Njoo na ufito wako. Wewe si ndiye mtaalamu wa makaburi?

Birika nimelisugua, liko juu ya meza. Halina kifuniko.

Dada yako,
Mwanne